Wiki kumi za Kiingereza cha roketi na kompyuta hapa Moshi

Nina stesheneri ndogo Moshi mjini, si mbali na stendi kuu: kompyuta mbili, printa inayopenda kutafuna karatasi, mashine ya kopi, ya leminesheni, na kitambaa cha bluu ukutani kwa wanaotaka picha za paspoti saizi. Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye kaunta hiyo, na nikiri jambo ambalo wateja wangu hawalijui. Yale maneno ya Kiingereza kwenye skrini nilikuwa siyasomi. Nilikuwa nayajua kwa mahali yanapokaa, kama unavyoijua swichi ya chumbani kwako gizani. Siku kijana mmoja wa chuo aliponiwekea programu mpya, vitufe vikahama, nikakaa asubuhi nzima kama mgeni aliyeshushwa na basi usiku wa manane.

Tangazo la darasa hili lilinifuata lenyewe dukani. Mwalimu alilileta nimtolee kopi hamsini: "Jifunze Kiingereza kwa hadithi za anga za juu na kompyuta." Nilicheka. Nikamwambia, mwalimu, watu wa hapa wanataka Kiingereza cha kuombea kazi, roketi ya nini? Akaniuliza, "Mama, hicho cha kuombea kazi umeshakisoma mara ngapi?" Mara tatu. Mara zote nilipewa orodha ya maneno ya kukariri, na mara zote wiki ya tatu ilinikuta nimeshayasahau yote pamoja na mahali nilipoiweka orodha. Nikatoa kopi hamsini na moja.

Jina la darasa sitalitaja, kwa sababu ni la mtu mmoja na chumba cha kupanga, na nina malalamiko yangu huko mbele. Lipo ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, upande wa kwenda Majengo. Ada ni shilingi 80,000 kwa wiki kumi, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni mpaka saa moja. Tulikuwa kumi na wanne. Wagumu watatu, yaani wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, waliokuwa wanakuja msimu ukiwa umelala, fundi simu mmoja, nesi, dada anayeuza mitumba soko la Memorial, wanafunzi wa chuo kadhaa, na mimi. Mwalimu ni mstaafu, alifundisha fizikia sekondari miaka mingi, na bado anashika chaki kama anayetaka kumtupia mtu.

Mtindo wake ni huu. Kila kipindi kina kisa kimoja cha ukurasa na nusu, na maneno kumi na mawili yameandikwa ubaoni. Anasoma yeye, mnasoma ninyi, halafu anakusanya karatasi. Hapo unasimama unasimulia kisa kwa Kiingereza chako ulichonacho, ukipita kwenye yale maneno kumi na mawili. Ukikwama, hakuna kutafsiriwa. Unaonyeshwa kwa mikono, kwa picha, kwa kiti kupinduliwa. Kiswahili kinaruhusiwa dakika kumi za mwisho tu, na hizo dakika kumi ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote.

Kisa cha kwanza kilikuwa cha nondo. Septemba 9, 1947, kwenye kompyuta moja kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard iliyoitwa Mark II, mafundi walikuta nondo amenaswa kwenye swichi ya umeme ndani ya mashine. Wakamtoa, wakambandika kwa gundi ya utepe kwenye daftari la kazi, na pembeni wakaandika: "First actual case of bug being found." Kijitabu chetu kikasema ndipo neno "bug", kwa maana ya hitilafu ya mashine, lilipozaliwa. Mwalimu naye akapita hapohapo bila kugeuka. Mimi nikabaki na lile neno "actual". Nilikuwa nadhani maana yake ni "ya sasa", kumbe ni "ya kweli, yenyewe hasa". Sasa kama ni kisa cha kwanza cha mdudu wa kweli, si ina maana walikuwa tayari wanasema "mdudu" wakiwa hawana mdudu? Nikanyoosha mkono. Darasa likanigeukia. Usiku nikapekua kwenye simu: Thomas Edison alilitumia neno hilo kwenye barua mwaka 1878. Alhamisi mwalimu akafuta sentensi ya kijitabu mbele yetu kwa kalamu nyekundu, akatuambia na sisi tufute. Mimi ada yangu niliihesabu imerudi siku hiyo. Neno moja dogo lililokaa katikati ya sentensi, na nimelisoma kweli, sikulipita.

Kisa kilichonikaa zaidi ni cha kumbukumbu ya kusuka. Kompyuta iliyowapeleka watu mwezini kwenye safari za Apollo ilikuwa na uzito wa kilo 32 hivi, na programu zake hazikuwa kwenye diski wala flashi. Zilisukwa. Kwenye kiwanda cha Raytheon huko Waltham, Massachusetts, wanawake walikaa mezani wakipitisha nyaya nyembamba kwenye vijipete vya sumaku. Waya ukipita ndani ya pete, hiyo ni moja; ukipita nje, hiyo ni sifuri. Moja na sifuri, pete kwa pete, mpaka programu nzima ikaisha. Nafasi ya kusuka ilikuwa maneno 36,864 ya kompyuta ile, na ukipiga hesabu ni kama kilobaiti 72. Picha moja ya paspoti saizi ninayoskani asubuhi ni nzito kuliko hiyo.

Mimi nafuma vitambaa vya makochi tangu nikiwa darasa la tano. Mama yangu alinifundisha barazani Kibosho, na alikuwa haonei huruma kosa: ukiruka tundu moja, unafumua mstari mzima. Basi mwalimu alipokuwa anahangaika kutuonyesha "weave" na "thread" kwa vidole vyake vile vya chaki, nikatoa uzi na sindano kwenye mkoba nikaenda mbele. Nikafuma mistari miwili. Nikakosea makusudi. Nikafumua. Mwalimu akasema, "She undoes it." Aisee, nilisimama pale na uzi mkononi. "Undo"! Hicho ni kile kimshale kilichopinda kule juu ya skrini yangu, nilichokibonyeza mara elfu kwa miaka tisa nikikiita "kale ka kurudi". Kumbe ni kufumua.

Baada ya hapo nilianza kuisoma kompyuta yangu kama barua.

Kuna na kile cha Julai 20, 1969, Armstrong na Aldrin wanashuka mwezini na kompyuta inaanza kutoa onyo namba 1202. Wao wenyewe hawakujua ni la nini. Chini duniani, kwenye kituo cha kuongozea safari cha Houston, kijana wa miaka 26 aitwaye Steve Bales ndiye aliyekuwa na dhamana ya kusema washuke au waache. Ilikuwa hivi: rada moja iliyokuwa haihitajiki wakati ule ilikuwa inaimega kompyuta muda wake, kazi zikaizidi. Lakini waliotengeneza programu zake, na Margaret Hamilton akiwa mmoja wa viongozi wao, walikuwa wameipanga ijue kipi cha kutupa na kipi cha kushikilia. Ikatupa vidogo, ikajiwasha upya, ikaendelea na kutua. Maneno ya siku hiyo yalikuwa "overload", "priority", "restart" na mengine tisa. Katikati ya kisa umeme ukakatika. Fundi simu akawasha tochi ya simu yake, akasema kwa sauti ya redio, "Twelve oh two," chumba kizima kikaangua kicheko. Tukamalizia gizani.

Sasa hilo neno "overload" halitatoka kichwani kwangu hata nikizeeka, kwa sababu nalijua kwa jina la siku yake: siku ya mwisho ya maombi ya mkopo wa chuo. Wanafunzi arobaini wamejaa mpaka barabarani, kila mmoja ametuma faili lake, printa imeganda, na mmoja anataka tu kopi ya kitambulisho cha mama yake. Zamani ningebonyeza kila kitu kwa hasira. Mwaka huu kwenye skrini likatokea neno "priority", nikalisoma, nikaziweka mbele kazi fupi fupi, foleni ikatembea. Kijana mmoja akaniambia, "Mama, leo una kasi." Sikumwambia nimejifunzia mwezini.

Kisarufi hakuna mengi, na anayetaka sarufi aende kwingine. Isipokuwa siku ya Apollo 13. Wengi wetu tulishawahi kuisikia ile sentensi, na tulikuwa tunaisema vibaya: "Houston, we have a problem." Alichosema mwanaanga Jack Swigert Aprili 13, 1970, kwa saa za kule Houston, ni "we've had a problem here". Mwalimu akaandika zote mbili ubaoni, na dakika kumi za Kiswahili zilipofika akauliza tofauti. Kimya. Yule nesi akasema polepole: ya kwanza ni "tuna tatizo", ya pili ni "tumepata tatizo". Ile "-me-" yetu. Nimefundishwa "have had" na walimu wanne tofauti, kwa majedwali, kwa fimbo vilevile, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu hicho ninacho nyumbani.

Kingine nikitaje upesi. Neno "computer" lilikuwa zamani jina la kazi ya mtu anayepiga hesabu. Mwaka 1962 mwanaanga John Glenn, kabla ya kurushwa kuizunguka dunia, alitaka Katherine Johnson, mama aliyekuwa na kazi ya namna hiyo, azirudie kwa mkono hesabu zilizotolewa na mashine. Tangu siku hiyo dukani kwangu kuna kompyuta tatu.

Na kile cha chombo kilichopotea Mars Septemba 23, 1999, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa nguvu kwa vipimo vya Kiingereza, paundi, na upande wa pili ukasoma ni vya metriki, niutoni. Chombo cha dola milioni 125. Nilicheka peke yangu. Kaunta yangu fundi seremala aliitengeneza kwa futi, mimi nilimpa vipimo kwa mita, tukakubaliana vizuri kabisa kwa kichwa, na mpaka leo nusu yake imezuia mlango wa stoo. Hapo nikajua "unit", "convert" na "assume". Hasa "assume".

Sasa malalamiko.

La kwanza ni la kitaalamu, na wa kulisema ni mimi. Kijitabu. Hakikutajwa kwenye tangazo, ukifika unadaiwa shilingi 7,000 juu ya ada. Haya, nikalipa. Nikafungua: kopi ya kopi ya kopi. Picha ya roketi inaonekana kama gogo lililoungua. Ukurasa wa 14 umekatwa mstari wa chini, na mstari huo ndio wenye jibu la swali la 3. Pini mbili za stepla, na ukikifungua mara ya tatu kurasa za katikati zinakubaki mkononi. Kwangu kingetoka kwa 4,500 na spairo juu, na mtu angeona madirisha ya roketi. Nilimwambia mwalimu. Akasema alikitolea "kwa mtu anayemfahamu". Sikuuliza zaidi.

La pili ni zile sauti. Karibu kila wiki anatuwekea kwenye spika ndogo mazungumzo halisi ya wanaanga na Houston. Kwake ni raha, unamwona anafumba macho. Kwetu ni mkwaruzo kama redio ya mbao inayotafuta stesheni, na chini pikipiki zinapita. Nilishika "roger" na "go". Kama lengo ni kusikiliza Kiingereza, atutafutie mtu anayeongea karibu na maiki.

La tatu linabishaniwa. Maneno mengine ni ya roketi tu. "Nozzle", ule mdomo wa roketi wa kutolea moto, nitamwambia nani pale kaunta? Lakini nikilalamika hivyo wagumu wananikatalia. "Payload" kwao lilikuwa sherehe, maana ndilo maisha yao: mzigo unaopandishwa mizani getini usizidi kilo 20. Na mmoja wao aliokolewa na "launch". Alikiri kwamba msimu mzima amekuwa akiwatangazia wageni kwa sauti kubwa, kila saa sita mchana, kwamba sasa wanarushwa. Wageni walikuwa wanacheka, naye alidhani wana njaa. Alirudia "lunch" na "launch" mpaka mate yakakauka. Mgumu huyohuyo, tuliposoma kwamba kituo cha anga cha kimataifa kinapita kama kilomita 400 juu yetu na kina maabara ya Wajapani iitwayo Kibo, kama ile sehemu ya Kilimanjaro yetu yenye theluji, aliinua mkono kwa uso mkavu akauliza: "Wamempandishaje?" Kwa Kijapani maana yake ni tumaini, na sehemu zake zilianza kupelekwa mwaka 2008. Lakini jibu hilo halikumridhisha mtu wa Moshi hata mmoja.

La nne ni la moyoni kidogo. Kipindi cha wiki ya nane kilikuwa cha Voyager, vile vyombo viwili vya mwaka 1977 vilivyobeba kila kimoja sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55. Mwalimu, kwa furaha yake, akasema bila shaka Kiswahili kimo. Tukapiga makofi. Nimeshasema mimi usiku napekua. Nikaisoma orodha yote kwenye simu, jina kwa jina. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, Kisotho kimo. Kisumeri, ambacho hakina msemaji aliye hai, kimo. Kiswahili hakimo. Nilirudia mara mbili nikidhani nimepitiwa. Alhamisi nilimwambia faraghani, sikutaka kumwaibisha, lakini yeye akasimama akaliambia darasa zima kwamba alidhania tu, na akaliandika ubaoni lile neno la chombo kilichopotea: "assume". Walimu wa namna hiyo ni wachache, nimkubali. Ila Kisumeri, jamani?

Kwa nani basi? Asiyejua kabisa asiende, atapoteza pesa. Uwe angalau umefika kidato cha pili na kuna kitu kilibaki. Kwa watoto sijui. Mwanangu wa darasa la sita nilimchukua mara moja, akakishika kisa kuliko mimi lakini akachoka kwenye kusimulia, akalala juu ya kijitabu, na kurasa za katikati zikatoka. Anayejiandaa kwa usaili wa kazi wiki ijayo, hapana, hapa utatoka unajua "orbit" na hujui kujieleza. Lakini kama una maneno mengi uliyoyaona miaka yote bila kuyasoma, kwenye kompyuta, kwenye simu, kwenye gari unaloendesha, nenda. Wahi viti vya upande wa ukutani. Vya dirishani vinapata moshi wa bodaboda, na saa kumi na mbili jua linakupiga machoni moja kwa moja. Beba tochi.

Mimi nimejiandikisha awamu ya pili. Na kuna jambo nimemwomba mwalimu. Katika kupekua kwangu nimekuta kwamba Desemba 12, 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, la San Marco. Ndiyo ilikuwa setilaiti ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota, na wakaipa jina Uhuru. Hivyohivyo, kwa Kiswahili. Jina la kilele cha juu kabisa cha mlima wetu likawa linazunguka dunia. Nikamwuliza kwa nini kisa hicho hakimo kwenye kijitabu. Akasema, kiandike wewe, kwa Kiingereza, ukurasa na nusu, maneno kumi na mawili.

Nimefika nusu ukurasa. Maneno nimeshapata tisa, "freedom" likiwa la kwanza, na "platform" nimelifuta na kulirudisha mara nne kwa sababu kila nikilisoma naona stesheni ya treni. Kikikamilika amesema kitaingia kwenye kijitabu cha awamu ijayo. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba kopi nitoe mimi.